Kinga Ikishawaka, Nani Anaizima?

Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, wakiongozwa na Dusan Bogunovic, walichapisha katika jarida la Science Translational Medicine matokeo yaliyozungumzwa sana. Walichagua protini 10 ambazo seli ya binadamu huzitumia kupambana na virusi, wakaandaa maelekezo ya kuzitengeneza kwa njia ya mRNA, ile ile tuliyoizoea tangu chanjo za UVIKO-19, kisha wakayapitisha kwenye njia ya hewa ya wanyama wa maabara. Wanyama hao walipoambukizwa virusi vya mafua na vya korona, virusi vilishindwa kuzaana kama ilivyo kawaida yake. Wazo lenyewe lilitokana na watu wachache sana duniani waliozaliwa bila protini iitwayo ISG15, ambao miili yao huvistahimili virusi kuliko yetu. Baada ya hapo habari ikakimbia kwa miguu yake: wamepatikana watu wenye kinga ya ajabu, na siri yao itatiwa kwenye chupa ili sote tuwe kama wao.

Nasema habari hii imesomwa kichwa chini miguu juu. Watu wale hawakuzaliwa na kitu cha ziada. Walizaliwa na upungufu, na walichopungukiwa ni sehemu ya breki ya kinga. Kazi kubwa ya kundi la Columbia imekuwa kutafuta namna ya kupata faida ya upungufu huo huku breki ikibaki mahali pake. Kinga ya mwanzo dhidi ya virusi, ile tunayozaliwa nayo kabla ya chanjo au ugonjwa wowote kuifundisha, inaendeshwa na vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi za kikemia ndani ya seli, vinavyobandika alama ndogo juu ya protini, na vingine vinavyozibandua. Nani anaugua sana, nani anapona, na dawa gani inaua badala ya kuponya, mara nyingi huamuliwa na wakati ambao alama hizo hubandikwa na kubanduliwa. Anayezungumzia kuongeza kinga bila kuzungumzia kuizima amezungumzia nusu ya jambo, na kwa mgonjwa nusu hiyo inaweza kuwa hatari.

Tuanze ndani ya seli. Kirusi cha mafua kinapoingia kwenye seli ya njia ya hewa, hukuta protini za ugunduzi zimekwisha kutengenezwa na zimejikunja zikisubiri. Mojawapo ni RIG-I, ambayo kazi yake ilitambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 2004. RIG-I huikagua RNA kwenye ncha: RNA ya virusi vingi ina fosfeti tatu zilizo wazi mwishoni, wakati ncha za RNA zetu huwa zimefunikwa au kusafishwa kabla hazijatoka kwenye kiini cha seli. Ikikutana na ncha ya kigeni, RIG-I hujikunjua. Lakini kujikunjua peke yake hakutoshi. Huja kimeng'enya cha kubandika, RNF135 au TRIM25 (wataalamu bado wanabishana juu ya mgawanyo wa kazi kati ya hivi viwili), na kujenga juu yake mnyororo wa ubikwitini, protini ndogo yenye asidi amino 76. Mnyororo huo hulishika kundi la RIG-I pamoja, nalo huiamsha MAVS, protini iliyojipachika kwenye ukuta wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Kutoka hapo kimeng'enya TBK1 hubandika fosfeti juu ya protini IRF3. IRF3 yenye fosfeti huungana mbili mbili, huingia kwenye kiini, na jeni za intaferoni, protini ya kutoa onyo, huwaka.

Jambo la kutazama hapa ni mwendo. Safari yote hii huanza bila seli kulazimika kutengeneza protini hata moja mpya. Kila kitu kilikuwa pale, na kilichobadilika ni alama zilizobandikwa juu yake. Kama seli ingesubiri kusoma jeni na kujenga protini ndipo ianze kujihami, kirusi kingekuwa kimekwisha kuiteka. Alama hizo pia zina maana tofauti kwa jinsi zinavyounganishwa. Ubikwitini zikifungamana kwenye lisini (mojawapo ya asidi amino zake) ya 48, protini iliyobandikwa hupelekwa kubomolewa. Zikifungamana kwenye lisini ya 63, protini hiyo hubaki na kuwa mahali pa kukutanishia nyingine. Alama ni ile ile, fundo ni tofauti, na hukumu ni tofauti kabisa. Kazi ya kuzifahamu alama hizi imechukua miongo: Edmond Fischer na Edwin Krebs walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992 kwa ile ya fosfeti, na Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose mwaka 2004 kwa ile ya ubikwitini inayopeleka protini kubomolewa.

Intaferoni yenyewe iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann. Hutoka kwenye seli iliyoambukizwa na kuzionya seli za jirani. Kwa jirani, vimeng'enya JAK1 na TYK2 hubandika fosfeti juu ya protini za STAT, na mamia ya jeni huwaka kwa mpigo. Miongoni mwa zinazozaliwa ni ISG15, protini inayofanana na ubikwitini mbili zilizounganishwa. Kimeng'enya HERC5 huibandika juu ya protini zinazotengenezwa wakati ule, zikiwemo za kirusi, na kuziharibia kazi. Kimeng'enya USP18 huibandua. Lakini USP18 kina kazi ya pili isiyohusu kubandua chochote: huenda kukaa kwenye kipokezi cha intaferoni na kumzuia JAK1 asiendelee. Hiyo ndiyo breki niliyoitaja. Na kwa binadamu breki hiyo haidumu bila ISG15, kwa kuwa ISG15 iliyo huru huishikilia USP18 isibandikwe ubikwitini na kubomolewa. Kwa panya hali si hivyo. USP18 yao hudumu hata ISG15 isipokuwepo, na ndiyo sababu majaribio ya panya yalichelewa sana kutuonyesha jambo hili.

Sasa waangalie watu wenyewe. Waliotambuliwa mwanzo, mwaka 2012, walikuwa watoto wa familia za Uturuki na Iran, na hawakufikishwa hospitali na kinga ya ajabu. Walifikishwa na ugonjwa uliosababishwa na chanjo ya BCG, ile ile ambayo watoto wetu hupewa wanapozaliwa na kuwaachia kovu mkononi. Ilibainika kwamba ISG15 ikitoka nje ya seli huzihimiza seli nyingine kutoa intaferoni ya aina ya gama, ambayo mwili huihitaji kupambana na vimelea vya jamii ya kifua kikuu. Baadaye walitambuliwa watoto wengine China, wakiwa na degedege na chembe za kalsiamu zilizoganda ndani ya ubongo. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwa nini: bila ISG15 hakuna USP18 ya kutosha, bila USP18 intaferoni haizimwi, na mwili huishi kana kwamba una homa ya virusi isiyokwisha. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba seli zao, zikishaguswa na intaferoni, huvizuia virusi vingi kuliko seli zetu. Ustahimilivu wao ni wa kweli. Umelipiwa kwa ubongo na kwa udhaifu mbele ya bakteria.

Wanaotetea kuiongeza kinga wana hoja nzito, na ni haki kuieleza kwa uzito wake. Mwaka 2020 uchunguzi wa kimataifa ulionyesha kwamba baadhi ya waliozidiwa na UVIKO-19 walikuwa na kasoro za kurithi katika njia hii ya intaferoni, na kwamba takriban mmoja kati ya kumi wa wagonjwa mahututi alikuwa na kingamwili zilizoishambulia intaferoni yake mwenyewe. Watu hao walikosa onyo la mwanzo na kirusi kikatangulia. Tena mwaka 2023 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la Brazil na Kanada lililohusisha watu karibu 2,000. Sindano moja ya intaferoni aina ya lamda, iliyotolewa ndani ya siku saba tangu dalili kuanza, ilipunguza waliolazwa au kukaa muda mrefu kwenye huduma ya dharura kutoka asilimia 5.6 hadi asilimia 2.7. Kwa ugonjwa ulioziba korido za hospitali zetu hadi mitungi ya oksijeni ikawa lulu, nafuu ya namna hiyo haiwezi kudharauliwa. Aliyechelewa kuwashiwa kinga anahitaji kuwashiwa.

Upande wa pili nao una ushahidi wake, na kwangu mimi una uzito zaidi. Jaribio kubwa la Shirika la Afya Duniani lililoitwa Solidarity liliwapa intaferoni beta wagonjwa ambao tayari wamelazwa, na vifo havikupungua. Kinyume chake, baricitinib, dawa inayomzuia JAK1, yaani inayoidhoofisha njia ya intaferoni, ilipunguza vifo kwa waliozidiwa. Jaribio la RECOVERY la Uingereza lilikuta punguzo la asilimia 13, na Januari 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa nguvu. Ugonjwa ni ule ule na kirusi ni kile kile. Wiki ya kwanza mgonjwa anafaidika kwa kuwashiwa, wiki ya pili anafaidika kwa kuzimiwa. Mwaka 2014 watafiti waliwapa tumbili intaferoni kabla ya kuwaweka kwenye hatari ya SIV, kirusi kilicho ndugu wa VVU. Mwanzoni iliwakinga. Walipoendelea kupewa, miili ikaacha kuisikia, na tumbili wale wakapoteza seli za CD4 kwa kasi zaidi. Na mwaka 2020 madaktari wa Saudi Arabia na wenzao waliripoti habari za mtoto aliyezaliwa bila USP18, ambao kwa kawaida ni upungufu unaoua mapema. Alinusurika kwa dawa ya jamii ya baricitinib. Breki yake haikuwepo, wakamwekea ya dawa.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba kinga haizidi, na mtu akiwa nayo nyingi ni faida tupu. Ukisimama dakika chache kwenye duka la dawa Dar es Salaam au Mombasa utamsikia mteja akiomba “kitu cha kupandisha kinga”, na muuzaji hakosi cha kumpa. Simlaumu mteja. Amezoea kusikia kwamba CD4 zikishuka ni hatari na zikipanda ni nafuu, na kwa mwenye VVU hilo ni kweli kabisa. Lakini CD4 ni hesabu ya seli, na kinga ya mwanzo haina kipimo kimoja cha kupanda na kushuka. Ni mamia ya protini ambazo kila moja ina wakati wake wa kubandikwa na wakati wake wa kubanduliwa. Homa, maumivu ya viungo na uchovu tunaoupata wakati wa mafua kwa sehemu kubwa vinatokana na intaferoni na wenzake, na wagonjwa wa homa ya ini waliotibiwa kwa sindano za intaferoni kwa miezi mingi wanajua hali ile ilivyo ikiendelea bila kukoma. Wengine walipata sonona iliyowalazimu kuacha matibabu. Anayeuza chupa ya kuongeza kinga na hawezi kusema inagusa kimeng'enya gani, kwa muda gani, na nini kinaizima, hana bidhaa ya kinga. Ana maji yenye lebo, na heri yabaki hivyo, maana yangekuwa yanafanya yanachodai, angekuwa anauza ugonjwa.

Kuna hoja nyingine inayosemwa kwa upole zaidi: kwamba haya ni mambo ya maabara za New York, hayatuhusu. Jibu lake liko Naivasha, Kenya. Mwaka 1930 wanakondoo walianza kufa kwa wingi katika shamba karibu na ziwa hilo, na mwaka 1931 ugonjwa ule ukaelezwa kwa mara ya kwanza. Ndiyo homa ya Bonde la Ufa, ambayo mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 ziliirudisha Kenya, Somalia na Tanzania na kuua zaidi ya watu 300, mbali na mifugo. Kirusi chake hufanya kazi nje ya kiini cha seli, lakini protini yake moja, NSs, huingia ndani ya kiini na kujisuka kuwa nyuzi ndefu zinazoonekana wazi kwa hadubini. NSs haibomoi kitu yenyewe. Huvishika vimeng'enya vyetu wenyewe vya kubandika ubikwitini na kuvielekeza kwa PKR, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kusimamisha utengenezaji wa protini seli inapoambukizwa. PKR hubandikwa alama ya kubomolewa na kutoweka. Vivyo hivyo hufanyiwa sehemu ya mtambo unaosoma jeni, na intaferoni haizaliwi. Kirusi cha homa ya Crimea-Kongo, kinachojitokeza Uganda mara kwa mara, kinatumia mbinu nyingine: kina mkasi wake wa kubandua ubikwitini na ISG15 kutoka kwenye protini za seli. Kimeng'enya cha korona kiitwacho PLpro hukata pia ISG15. Virusi visivyo na undugu wowote vimefika kila kimoja kwa njia yake kwenye meza ile ile ya kubandika na kubandua, na hilo linaonyesha mahali ambapo uamuzi wenyewe hufanyika.

Tena maarifa haya yamekwisha kuzaa chanjo. Kutoka kwenye kirusi kilichopatikana kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1974, ilitengwa aina iitwayo Clone 13, ambayo imepoteza karibu asilimia 70 ya jeni ya NSs. Panya wa kawaida wakiambukizwa hawaugui. Panya waliotolewa kipokezi cha intaferoni, kirusi hicho hicho kinawaua. Jaribio hilo, lililochapishwa mwaka 2001, ni miongoni mwa yaliyo safi kabisa katika taaluma hii, kwa sababu linaonyesha kwamba ukali wa homa ya Bonde la Ufa hautokani na kirusi peke yake. Unatokana na uwezo wake wa kuwaongoza vibaya wafanyakazi wa seli. Kinyang'anye uwezo huo, na mnyama anabaki na kinga ya kutosha kukimaliza na kukikumbuka. Clone 13 ilisajiliwa Afrika Kusini mwaka 2010 kama chanjo ya mifugo. Tazama kilichofanyika: hakuna aliyeiongezea kinga ya mnyama chochote. Kilichoondolewa ni mkono wa kirusi uliokuwa ukiivuruga.

Kwa mwanga huo kazi ya Columbia inasomeka tofauti. Watafiti wale wangeweza kujaribu kuizima ISG15 kwa dawa, na kwa juu juu hilo ndilo lingefuata kutokana na hadithi ya watu wenye kinga ya ajabu. Hawakufanya hivyo, kwa sababu walikuwa wamewaona watoto wale. Walichofanya ni kuchagua protini 10 kati ya mamia yanayowashwa na intaferoni na kuzipa seli moja kwa moja, pasipo kuigusa njia inayoleta homa na kuharibu ubongo. Ulinzi unaotarajiwa ni wa siku chache tu, kwa kuwa mRNA huoza upesi. Mtu anaweza kuuona muda huo kama kasoro. Mimi naona ndio moyo wa ubunifu wenyewe: dawa imekuja na kuzimika kwake. Siku chache zinamtosha muuguzi anayeingia wodi ya wagonjwa wa kirusi kisichojulikana, au familia iliyolala chumba kimoja na mgonjwa, huku chanjo ikitafutwa. Kwa matumizi ya kila siku haifai, wala haikukusudiwa. Na kutoka kwa wanyama wa maabara hadi kwa binadamu bado kuna safari, hasa katika suala la kuifikisha mRNA ndani ya mapafu kwa kiasi cha kutosha.

Hapo ndipo sisi tunapopaswa kuingia mapema kuliko tulivyozoea. Mwaka 2009 watafiti waliochunguza kwa nini tiba ya intaferoni kwa homa ya ini aina ya C ilikuwa ikiwashinda zaidi Wamarekani wenye asili ya Afrika walikuta tofauti ndogo ya kurithi karibu na jeni ya intaferoni lamda. Aina iliyosaidia tiba ilikuwa haba zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika, na tofauti hiyo peke yake ilieleza karibu nusu ya pengo. Dawa ilikuwa imetumika kwa miaka mingi kabla ya mtu kulijua hilo. Dawa mpya zinazogusa vimeng'enya vya njia hii hii zinakuja, na ziko zinazolenga PLpro, zinazolenga TYK2, na hizi za mRNA. Zikijaribiwa kwa watu wa New York na Oxford pekee, tutazipokea na dozi iliyopimwa kwa miili yenye jeni nyingine, isiyopata malaria, ambayo yenyewe huichokoza intaferoni, na isiyoishi jirani na kifua kikuu. Kilifi, Ifakara na Entebbe zina taasisi zenye uwezo wa kufanya majaribio hayo, na kamati zetu za maadili zina mamlaka ya kudai majibu kabla ya kutia saini. Yapo maswali matatu ambayo yasikosekane kwenye fomu: alama gani inabandikwa au kubanduliwa na dawa hii, inadumu kwa saa ngapi baada ya dozi ya mwisho, na ikimkuta mtu mwenye kifua kikuu kilicholala, nini kinatokea kwa intaferoni yake ya gama. Hilo la tatu linaweza kupimwa kwa kipimo cha damu ambacho tayari hutumika kutafuta maambukizi ya kifua kikuu, na hakuna sababu ya kusubiri dawa iingie sokoni ndipo tulipime.